Hatua ya Kukausha

Wasifu wa kaka yangu Kija niliuandika mimi, kwa sababu nyumbani kwetu mimi ndiye niliyekuwa nasoma sekondari. Nilichana karatasi mbili katikati ya daftari la Jiografia, baba akawa anatamka na mimi naandika. Alizaliwa mwaka 1974 kijijini kwetu, wilaya ya Misungwi. Alibatizwa. Alimaliza darasa la saba. Alifanya kazi ya kusubu sufuria pamoja na baba yake hapa Igogo, mjini Mwanza. Tulipofika kwenye sababu ya kifo baba akasema:

"Andika. Kifo chake kilitokana na haraka. Hakukausha chuma kabla ya kukitia motoni."

Nikaandika. Mwandiko wangu husifiwa, na siku ile pia ulinyooka. Kesho yake karatasi ile ilisomwa makaburini kule kijijini mbele ya watu wote, nami nikasikia maneno yangu yakitoka kwenye kinywa cha katekista. Baba mkubwa Kashindye, kaka yake baba, akatikisa kichwa na kusema kwa sauti ya kusikika, "Vijana wa siku hizi. Haraka, haraka tu."

Hayo maneno hayakuwa kweli, na mimi nilijua. Ndiyo maana naandika haya sasa, nikiwa bado nakumbuka kila kitu kwa mpangilio wake.

Baba yangu, Mzee Chenge, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha pamba. Kiwanda kilipopunguza watu alirudi nyumbani na baiskeli na barua. Akajifunza kusubu kwa rafiki yake mmoja, na kufikia mwaka 1997 watu wa Igogo walikuwa wakimjua kwa sufuria zake kuliko kwa jina. Kazi yenyewe si ya siri. Unanunua sufuria zilizotoboka, pistoni za magari, vipande vya mashine. Unavivunja kwa nyundo. Unavitia kwenye chungu cha chuma kizito kilichokaa katikati ya mkaa, mtu mmoja anazungusha gurudumu la baiskeli linalopuliza hewa, na baada ya muda vile vitu vya kila namna vinakuwa uji mmoja mweupe. Uji huo unamiminwa kwenye kalibu ya mchanga yenye umbo la sufuria. Ukipoa, una sufuria mpya, na hakuna anayeweza kukuambia ilikuwa pistoni ya lori gani.

Kuna hatua moja kabla ya moto, na baba aliitilia mkazo kuliko zote. Chuma chochote hukaa kwanza kwenye mdomo wa tanuri mpaka kipate joto. Halafu unakitemea mate. Mate yakikauka papo hapo, kiweke. Yakitiririka, kirudishe. Maji yakiingia kwenye ule uji hayazami. Yanalipuka na kuutoa uji wote nje. Kija alifundishwa hilo akiwa na miaka kumi na minne. Mimi nilikuwa nalisikia likisemwa jinsi mtu anavyosikia redio ya jirani.

Mwaka huo nilikuwa kidato cha nne. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwalimu Odoyo, mtu wa Mara, alikuwa na kipaji cha kubashiri maswali ya mtihani wa taifa. Mwezi wa saba alituandikia ubaoni insha nzima kuhusu jinsi chupa zilizotumika zinavyofanywa kuwa chupa mpya.

"Hili litakuja," alisema. "Kama si chupa, makaratasi. Kama si makaratasi, makopo. Lisipokuja mje mniite mwongo hadharani."

"Tukuite sasa hivi, mwalimu, au tusubiri?" aliuliza Wilhelmina, rafiki yangu, na darasa likacheka.

"Wewe Wilhelmina ukimaliza kuniita mwongo utataja hatua zote sita bila kuangalia daftari."

Hatua zilikuwa hizi: chupa hukusanywa, huchambuliwa, huoshwa, huvunjwa, huyeyushwa, humiminwa. Tulizikariri kama sala. Nilifurahi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kitu cha darasani kufanana na kitu cha nyumbani. Nililinganisha hatua za Mwalimu Odoyo na hatua za baba nikakuta zinalingana zote, isipokuwa moja. Baba hakuwa anaosha. Nikafikiri kwamba labda ndiyo sababu sufuria zake wakati mwingine zilikuwa na vidoa vyeusi. Nikafikiri kwamba kiwandani, Ulaya, wanaosha.

Ijumaa tarehe nane mwezi wa nane ilikuwa sikukuu ya Nane Nane, shule zimefungwa. Baba na Kija walikuwa mjini kutafuta mkaa. Katika lundo la vyuma mlikuwa na mguu wa mashine ya mtumbwi, ile sehemu ya chini inayoshika pangaboi. Ulinuka mafuta ya mashine na sangara aliyeoza, mama akalalamika kwamba nzi wote wa Igogo wamehamia kwake. Nikauchukua pamoja na sufuria mbili zenye masizi, nikaenda navyo ziwani na sabuni ya unga. Sufuria nilizisugua kwa mchanga. Ule mguu niliuzamisha. Ulikuwa na tundu jembamba kama kidole, na kwenye tundu hilo vipovu vilitoka kwa muda mrefu. Nilisubiri mpaka vilipokwisha. Nilidhani ni uchafu unaotoka.

Niliuanika juu ya jiwe. Jioni ulikuwa mkavu kabisa, nikaurudisha kwenye lundo na kuufunika kwa gunia kama nilivyoukuta. Sikumwambia mtu. Nilitaka waone wenyewe kwamba sufuria zimetoka safi zaidi, ndipo niseme ni kazi ya msomi.

Jumamosi asubuhi baba alivuka kwa kivuko kwenda Kamanga kupeleka sufuria kwa mama mmoja wa hoteli. Kija aliwasha tanuri. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya nyumba, hatua kama kumi na tano kutoka kwake, nikikariri insha ya chupa.

"Deta," aliniita. Yeye peke yake ndiye aliyelikata jina langu, Bernadeta, hivyo. "Hicho Kiingereza unakitafuna au kinakutafuna?"

"Zungusha gurudumu lako."

"Nazungusha. Mwulize mwalimu wako kama huko kwenye Kiingereza kuna mtu anayezungusha gurudumu, au uji unaiva wenyewe."

"Hakuna mtu. Inasemwa tu kwamba vinayeyushwa."

"Na nani?"

"Na nani haisemwi."

Alicheka sana. "Basi hiyo ndiyo kazi ninayoitaka mimi."

Aliupiga ule mguu kwa nyundo, ukapasuka vipande viwili. Kile kipande cha chini, chenye tundu, kilikataa kupasuka. Akakinusa.

"Leo hakinuki," alisema. "Jua la jana limekimaliza."

Nilitabasamu. Maneno yalikuwa mdomoni: ni mimi niliyekiosha. Lakini nilikuwa katikati ya aya ya tatu, najaribu kuimaliza bila kuchungulia, nikaona nitamwambia nikifika mwisho.

Alikiweka kwenye mdomo wa tanuri. Kilikaa pale muda wa kawaida, muda unaotosha chuma kilicholala nje na kupata umande tu. Akakigeuza. Akakitemea mate. Nilisikia mate yakikauka, ule mlio mfupi. Akatema tena upande wa pili, yakakauka. Kisha akakishika kwa koleo na kukishusha kwenye chungu.

Sitaeleza yaliyofuata. Ulikuwa mlio mmoja, kama bati kubwa limeangushwa, na ule uji mweupe ulikuwa hewani.

Kija aliishi siku tatu hospitalini. Siku ya pili alizungumza. Baba alikuwa ameinama juu yake, mama upande wa pili, mimi miguuni nimeshika chupa ya chai.

"Nilikikausha, baba," alisema.

"Pumzika, mwanangu."

"Nilitema mate. Mara mbili."

"Pumzika."

Tulipotoka nje ya wodi baba alimwambia mama kwa sauti ya chini, "Hata sasa anabisha. Chuma kilicholipuka kilikuwa na maji, na kama kilikuwa na maji hakukausha. Hakuna njia ya tatu." Mimi nilikuwa najua njia ya tatu. Nikajiambia kwamba nitasema Kija akipona. Kesho yake jioni hakukuwa tena na mtu wa kusubiri apone. Nikajiambia nitasema baada ya mazishi. Halafu nikaitwa kuja kuandika wasifu.

Baada ya msiba baba hakuwasha tanuri. Alikaa mbele yake akiziba sufuria za watu kwa vipande vya bati na misumari, kazi ya mtu anayejifunza. Wateja walipomuuliza kulikoni, aliwajibu kwa sentensi ileile: "Kijana wangu alikuwa na haraka." Aliisema bila hasira. Alikuwa ameizoea. Kila alipoisema mimi niliinama kwenye daftari.

Mtihani wa Kiingereza ulikuwa mwezi wa kumi na moja, katika zile mvua za mwaka ule ambazo hazikukatika. Maji yalikuwa yanapiga juu ya bati kiasi kwamba msimamizi, mama mmoja aliyevaa koti la mvua, alilazimika kupita dawati kwa dawati kusema maelezo. Nilifungua karatasi nikaenda moja kwa moja kwenye sehemu ya insha.

Mwalimu Odoyo hakuwa mwongo. Swali lilitaka tueleze hatua za kukifanya kitu kilichotumika kuwa kitu kipya, kitu chochote tutakachochagua, kwa maneno yasiyopungua mia moja na hamsini. Chini yake yalikuwa maneno ambayo lazima tuyatumie yote: kukusanya, kuchambua, kuosha, kuyeyusha, kumimina. Nilisikia Wilhelmina nyuma yangu akivuta pumzi kwa furaha. Darasa zima lilianza kuandika kwa pamoja, na kila mtu alikuwa anaandika chupa.

Na mimi niliandika chupa. Hukusanywa kutoka mitaani na hotelini. Huchambuliwa kwa rangi zake. Sentensi zilikuja zenyewe. Nikafika kwenye ya tatu, nikaandika herufi ya kwanza ya neno kuosha, kalamu ikasimama. Nilijaribu kuliruka neno lile niendelee na la nne. Lakini lilikuwa na alama zake, na lilikuwa pale kwenye orodha, limepigwa chapa.

Sijui nilikaa muda gani. Najua msimamizi alisimama kando yangu akauliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Akaniangalia, akaangalia saa, akaondoka.

Nikapiga mstari juu ya yote niliyoandika. Nikaanza upya, kwa Kiingereza changu mwenyewe, ambacho hakikuwa kizuri kama cha ubaoni. Niliandika kwamba baba yangu anasubu sufuria. Kwamba vyuma tunavikusanya kwa mafundi wa magari na kwa wavuvi. Kwamba tunavichambua, maana vingine haviyeyuki. Halafu niliandika haya, nayakumbuka neno kwa neno, na hapa nayaweka kwa Kiswahili:

"Chupa huoshwa. Chuma hakioshwi. Mimi nilikiosha chuma kimoja ziwani na maji yakaingia ndani yake kupitia tundu dogo. Sikumwambia mtu. Kaka yangu alikikausha kama alivyofundishwa. Alikitemea mate mara mbili na mate yakakauka. Maji yalikuwa ndani, mahali asipoweza kuyaona, na niliyeyaweka ni mimi. Alikufa. Hakuwa na haraka."

Kisha niliandika kuhusu kuyeyusha na kumimina, kwa sababu maneno hayo nayo yalitakiwa, na kengele ikalia.

Nje Wilhelmina alinishika mkono. "Chupa zako zimefika salama? Zangu zimefika mpaka kiwandani!"

"Nimeandika sufuria."

"Sufuria? Bernadeta, una wazimu? Insha nzima tulipewa."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, sare imelowa. Njiani nilifikiria ile karatasi. Itafungwa kwenye bahasha, itasafiri mpaka Dar es Salaam, na huko mtu nisiyemjua, ambaye hamjui Kija wala Igogo, atasoma kwamba kaka yangu hakuwa na haraka. Mtu huyo atajua. Na mama yake Kija hajui. Nilipofika kwenye kona ya msikiti nilikuwa nakimbia.

Baba alikuwa ameketi chini ya bati la karakana, mbele ya tanuri baridi, na sufuria ya mtu magotini. Mama alikuwa anachagua mchele mlangoni.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema baba. "Mtihani umeuonaje?"

"Wametuuliza kazi yako."

Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane aliinua uso na kucheka kidogo. "Kazi yangu? Kwa Kiingereza? Basi umefaulu. Binti Chenge ashindwe hiyo!"

"Baba, Kija alikikausha kile chuma."

Kicheko kikabaki usoni pake bila sauti.

"Mimi ndiye niliyekiosha," nikasema. "Ile Ijumaa, ziwani. Nilikizamisha. Tulifundishwa shuleni kwamba vitu huoshwa kwanza. Sikumwambia. Yeye alikiweka mdomoni mwa tanuri akakigeuza akatema mate."

"Kile kipande chenye tundu?"

"Ndiyo."

"Ulikizamisha chote?"

"Mpaka vipovu vikaisha."

Aliweka sufuria chini polepole, kama yenye maji. Mama alikuwa amesimama, mchele umemwagika na yeye hajauona.

"Alitema mate?" mama aliuliza.

"Alitema, mama."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimwona. Mara mbili, kama alivyosema hospitali."

Mama aliketi palepale chini kwenye mchele akalia. Makaburini hakuwa amelia. Alikuwa ameshikwa na wanawake wawili, macho makavu. Sasa alilia huku akisema, "Alisema. Mwanangu alisema." Nilitaka kwenda kwake nikaogopa. Baba aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka kwenye mvua.

Siku mbili hakuzungumza nami. Aliitikia salamu, akala, akatoka. Sikumlaumu. Siku ya tatu, Jumapili, tulipotoka kanisani aliniita karakana. Alikuwa na Biblia ya mama mkononi, na ndani ya Biblia mlikuwa na zile karatasi mbili za daftari la Jiografia. Sikujua kwamba katekista alizirudisha.

"Soma sababu ya kifo," alisema.

"Baba..."

"Soma."

Nikasoma. Alisikiliza mpaka mwisho, macho kwenye tanuri.

"Maneno hayo niliyasema mimi," alisema. "Sikumuuliza mtu. Yeye mwenyewe aliniambia nikamwambia apumzike. Miezi mitatu nazunguka nayo Igogo nzima." "Wewe ulikosa, Bernadeta. Ulinyamaza ukakosa tena. Sitakuambia hukukosa."

"Ndiyo, baba."

"Lakini hii tuliiandika wawili. Kalamu unayo?"

Nilikuwa nayo.

Tuliweka msalaba kwenye kaburi la Kija mwezi wa nane mwaka uliofuata, kule kijijini. Matokeo ya mtihani yalikuwa yametoka zamani. Kiingereza nilipata D, Wilhelmina alipata B, na sikuchaguliwa kuendelea kidato cha tano. Mwalimu Odoyo aliniuliza kilichotokea, nikamwambia niliiacha insha aliyotupa. Sikumwambia zaidi, maana insha yake ilikuwa sahihi. Chupa huoshwa.

Watu walikuwa wengi karibu kama siku ya mazishi. Baada ya sala baba alisimama akasema kuna jambo kwenye wasifu wa marehemu halikuwa sawa na binti yake atalisoma upya. Nilisoma yote tangu mwanzo, kuzaliwa, kubatizwa, darasa la saba, kazi. Nilipofika kwenye sababu ya kifo nilisoma kwamba Kija alikausha chuma kwa utaratibu aliofundishwa na baba yake, na kwamba maji yaliyomwua yaliwekwa na dada yake Bernadeta bila kujua madhara yake, naye alikaa kimya. Mtoto mmoja alikohoa. Nilisoma mpaka jina la mwisho la ndugu aliowaacha.

Wakati wa chakula baba mkubwa Kashindye alinijia na fimbo yake. Nikapiga goti kumsalimia.

"Kwa hiyo alikikausha," alisema.

"Alikikausha, baba mkubwa."

"Na mate yakakauka."

"Yalikauka."

Alikaa akiutazama msalaba mpya, ambao chokaa yake ilikuwa bado haijashika vizuri. "Mimi nilisema maneno hapa mwaka jana," alisema. Kisha akaenda kaburini, akasimama peke yake kwa muda mrefu, midomo yake ikisogea.

Tuliporudi Igogo baba aliwasha tanuri. Hakuajiri mtu, gurudumu nilizungusha mimi, na nalizungusha hadi leo. Wavuvi na mafundi wanapoleta vyuma, kabla ya kupima, kabla ya kutaja bei, baba humuuliza kila mmoja swali moja ambalo wengine hulicheka: "Kimeoshwa?" Hata wanapojibu hapana, baba hunigeukia mimi, nami nakichukua chuma, nakitafuta matundu, nakiweka kwenye mdomo wa tanuri, chenye tundu kwa muda mrefu zaidi. Natema mate upande mmoja. Nakigeuza, natema upande wa pili.